Paneli zimeshuka bei, pesa zimepanda

Mei 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kupandisha ushuru wa seli za sola, vile vipande vinavyounda paneli, zinazotoka China, kutoka asilimia 25 hadi 50. Viwanda vya Kichina vilikuwa vimeshahamishia sehemu ya kazi Kambodia, Malaysia, Thailand na Vietnam ili kuukwepa ushuru wa awali. Basi Aprili 2025 Washington ikavifuata huko huko, na baadhi ya kampuni za Kambodia zikapangiwa ushuru uliopita asilimia 3,500. Ushuru wa kiwango hicho haukusudiwi kukusanya pesa. Ni kumwambia mtu asilete bidhaa. Na mzigo uliokatazwa kwa mnunuzi mkubwa haurudi ghalani ukalala, hutafuta bandari nyingine.

Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, ni mojawapo ya hizo. Shirika la utafiti wa nishati la Ember lilihesabu kwamba katika miezi 12 iliyoishia Juni 2025, Afrika ilinunua kutoka China paneli za megawati 15,032, ongezeko la asilimia 60 kwa mwaka mmoja. Huku kwetu huhitaji ripoti kulijua hilo. Pita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, utazikuta paneli zimeegemezwa ukutani pamoja na mabati na matangi ya maji, zikiuzwa na kijana yule yule anayeuza misumari na saruji. Kifaa kilichokuwa cha wafadhili na maonyesho kimekuwa bidhaa ya hadiwea.

Ndiyo maana mjadala wa siku hizi, kwamba utandawazi unavunjika na nishati safi itavunjika nao, unasikika tofauti ukiusikilizia bandarini. Wapo pia wanaodai kinyume, kwamba dunia ikigawanyika kila nchi itajitegemea na jua ni la bure. Naona kila upande umeshika nusu ya habari. Mgawanyiko huu, kwa nchi kama Kenya, umeshusha bei ya kifaa na wakati huo huo umepandisha bei ya pesa, yaani riba ya mikopo. Nishati safi inahitaji vyote viwili. Kinachotokea basi ni kwamba sola inaongezeka, ila inahama: inatoka kwenye miradi mikubwa ya gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, inayomhudumia kila mtu na kwenda juu ya paa la mwenye paa.

Nianze na kifaa chenyewe, kwa sababu tunasahau kilikotoka. Seli ya silikoni iliyofaa kutoa umeme ilionyeshwa na maabara ya Bell huko New Jersey mwaka 1954. Wajapani wakaitia kwenye vikokotoo na baadaye kwenye nyumba. Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 2000, ikamhakikishia kila mwenye paneli bei nzuri ya umeme kwa miaka 20, na hivyo ikaunda soko ambalo halikuwepo. Shi Zhengrong, Mchina aliyesomea Australia chini ya Profesa Martin Green, akarudi kwao na kuanzisha kampuni ya Suntech mwaka 2001 ili kulilisha soko hilo la Wajerumani. Mashine za kiwandani zilitoka Ulaya na Marekani, mtaji ulitoka soko la hisa la New York, mikono ikawa ya Kichina. Katika mwongo mmoja, 2010 hadi 2020, bei ya paneli ilishuka kwa takriban asilimia 90.

Kwa hiyo paneli ni mtoto wa biashara huria, hata kama wazazi wake sasa hawasemezani. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 ulikadiria kwamba Marekani, Ujerumani na China peke yake ziliokoa dola bilioni 67 kati ya 2008 na 2020 kwa kuwa soko lilikuwa moja, na kwamba kila nchi ikijifungia, bei ya paneli mwaka 2030 itakuwa juu kwa asilimia 20 hadi 25 kuliko ambavyo ingekuwa. Sisi hatukuwa kwenye hesabu hiyo, lakini tulinunua kwa bei ile ile. Hatukulipia utafiti wala ruzuku ya Mjerumani. Tulisubiri tu hadi kitu kikawa rahisi.

Sasa mbona kuta za ushuru zinapanda na bei bado inashuka? Kwa sababu viwanda vilishajengwa. China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji wa paneli, na uwezo wa viwanda vyake umepita mahitaji ya dunia nzima kwa mbali. Viwanda vinauza kwa hasara ili visizime mashine. Hiyo si bei, ni fujo ya soko, na fujo ina mwisho. Desemba 2024 Beijing ilipunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza paneli nje, kutoka asilimia 13 hadi 9. Kampuni zikianza kufa, na nyingine zimeshakufa, wale wachache watakaobaki ndio watakaopanga bei. Aprili 2025 China ilionyesha inavyoweza kukaza mkono ilipoanza kudhibiti uuzaji wa madini adimu ambayo hutumika kutengeneza sumaku za mitambo ya upepo na magari ya umeme. Anayekuuzia peke yake leo kwa bei ya kutupa, kesho ni yule yule na hana mshindani.

Jambo hili lina upande wake mdogo ambao mafundi wanaujua kuliko wachumi. Paneli huja na karatasi ya dhamana ya miaka 25. Kiwanda kikifilisika mwaka wa tatu, karatasi hiyo ni ya kufungia karanga. Fundi mmoja anayefunga sola maeneo ya Changamwe na Mikindani aliniambia, "Paneli yenyewe si kitu siku hizi, bwana. Mteja akinipigia, ni inveta au betri, au nati zimeliwa." Inveta ni kile kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Nati nazo zimeliwa na chumvi. Pwani hewa yenyewe ina bahari ndani yake: nati ambazo si stenlesi zinashika kutu msimu wa kusi haujaisha, na viunganishi vya waya vya bei ya chini vinaingia unyevu, vinapata moto na kuyeyuka. Mteja anadhani sola ni uongo, kumbe aliuziwa paneli nzuri iliyofungwa kwa vyuma vibovu.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo pagumu zaidi na ndipo panaposemwa kidogo.

Mtambo wa dizeli, kama ule wa Kipevu hapa Mombasa, ni rahisi kuujenga na ghali kuulisha. Unalipa kidogo kidogo kila meli ya mafuta inapotia nanga. Mtambo wa upepo au wa jua ni kinyume: karibu gharama yote iko siku ya kwanza, kisha mafuta yake ni bure. Kwa hiyo unajengwa kwa mkopo, na riba ndiyo mafuta yake. Chukua mradi wa dola milioni 100 unaolipwa sawasawa kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 4, unalipa kama dola milioni 7.4 kwa mwaka. Kwa asilimia 10, ni kama milioni 11.7. Jua ni lile lile, paneli ni zile zile, ardhi ni ile ile, na umeme umepanda karibu asilimia 60 kabla hujaajiri mlinzi.

Asilimia 10 sikuiokota hewani. Riba ya benki kuu ya Marekani, iliyokuwa karibu na sifuri mwaka 2021, ilipita asilimia 5 katikati ya 2023, na Kenya ilipokwenda kukopa kwenye masoko ya nje Februari 2024, ilikopa dola bilioni 1.5 kwa zaidi ya asilimia 10. Mwekezaji wa kibinafsi anayekuja Kenya hujumlisha hapo woga wake mwenyewe. Upande wa China, mikopo kwa Afrika ilifika kilele mwaka 2016, zaidi ya dola bilioni 28, na mwaka 2022 haikufika hata bilioni moja. Marekani nayo ilizima mpango wake wa umeme wa Power Africa mwaka 2025 pamoja na shirika lake la misaada la USAID, na Machi mwaka huo huo ikajitoa katika mikataba ya kufadhili nishati safi huko Afrika Kusini, Indonesia na Vietnam. Kila mmoja amerudisha pochi mfukoni kwa sababu zake. Kwetu sisi tunaongoja, sababu hazibadilishi kitu.

Tazama tulichojenga wakati milango ilikuwa wazi. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilitengenezwa na Vestas ya Denmark na ikashushwa hapa Mombasa, kisha malori yakapanda nayo hadi Loiyangalani. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliongoza wakopeshaji. Laini ya kuusafirisha umeme, kilomita 428 hadi Suswa, ilipewa kampuni ya Uhispania ambayo ilifilisika njiani, mitambo ikakaa bila kuunganishwa huku Kenya ikidaiwa fidia, mpaka Wachina wakaja kuimaliza mwaka 2018. Utasema hiyo ni aibu ya utandawazi, nami sikukatalii. Lakini Mhispania alipoanguka kulikuwa na wa kushika kamba. Karibu na sisi, kiwanda cha sola cha Langobaya, Malindi, kilianza kazi mwishoni mwa 2021 kikijengwa na kampuni ya Globeleq kwa mtaji mwingi wa Kiingereza. Garissa, megawati 50, ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Hata uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa una mtambo mdogo wa sola, kama kilowati 500, uliotokana na ushirikiano wa Umoja wa Ulaya na shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Taja mradi wowote wa aina hiyo, utakuta nchi tatu au nne zimeutia saini.

Tusiisingizie dunia kila kitu, hata hivyo. Mikataba mipya ya kununua umeme ilisimamishwa hapa kwetu na sisi wenyewe kwa miaka kadhaa, kwa malalamiko ya haki kabisa kuhusu bei. Na mwaka 2020, katikati ya korona, Bunge letu liliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, kisha mwaka mmoja baadaye likaurudisha. Muagizaji aliyekuwa na kontena baharini wakati huo anajua ukuta unaweza kujengwa na mtu wa nyumbani.

Kuna njia nyingine ambayo bei ya pesa hutufikia, nayo iko kwenye simu ya kila mtu anayenunua tokeni za umeme. Umeme wetu kwa takriban asilimia 90 ni safi: jotoardhi ya Olkaria, mabwawa, upepo, jua. Mgeni akisikia hivyo hudhani tumeachana na dola. Lakini mikataba mingi na mikopo mingi iko kwa dola au yuro, ile ya Turkana ikiwa kwa yuro, na ndani ya bili kuna tozo ya marekebisho ya fedha za kigeni inayopangwa upya kila mwezi. Shilingi ilikuwa kama 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022. Januari 2024 ilifika 160 hivi. Mvuke wa Olkaria haukuwa umebadilika hata kidogo, ila mama wa Jomvu aliyenunua tokeni za mia mbili alipata yuniti pungufu.

Hapa ndipo mambo mawili yanapokutana, paneli rahisi na gridi ghali, na hapa ndipo nina wasiwasi. Hoteli ya Nyali au Bamburi, yenye viyoyozi vinavyonguruma tangu asubuhi, inafanya hesabu na kuona sola italipa gharama yake kwa miaka michache. Inafunga. Kiwanda cha Miritini kinafunga. Ghorofa la mwenye uwezo linafunga. Kila mmoja amefanya uamuzi wa busara, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini hawa ndio walipaji wakubwa. Gharama za gridi, nguzo, transfoma, mikataba inayolipwa umeme utumike usitumike, haziondoki nao. Zinagawanywa kwa waliobaki. Na waliobaki ni mpangaji wa Majengo au Mishomoroni, anayekaa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, asiye na paa la kufungia chochote, na ambaye mwenye nyumba hana sababu ya kumfungia. Anayetumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi hupata bei nafuu kwa sababu wengine wanalipa zaidi. Hao wengine wakihamia kwenye mapaa yao, nafuu hiyo itatoka kwa nani?

Si dhana tupu. Pakistan iliingiza paneli za takriban megawati 17,000 mwaka 2024 pekee, nyingi zikiwa za Kichina, na leo shirika la gridi na serikali yao wanahangaika na bili za mitambo ambayo wateja wake wameikimbia. Karachi ni bandari kama Mombasa. Kilichoshuka kule kinaweza kushuka huku.

Pamoja na yote, sioni hoja ya kurudi kwenye mafuta. Watu wa bandari wanapaswa kuwa wa mwisho kuihitaji hoja hiyo ielezwe. Tangu Novemba 2023, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, na nauli za kontena zikapanda. Kontena la paneli likichelewa wiki tatu, limechelewa tu. Linafika, linafungwa, na kwa zaidi ya miaka 20 halihitaji meli tena. Meli ya dizeli ikichelewa wiki tatu, kuna giza. Kabla ya laini kubwa ya umeme kutoka Nairobi kuwashwa mwaka 2017, Pwani iliishi kwa sehemu kubwa kwa mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai, yaani kwa meli. Dunia inayogombana ni sababu ya kununua nishati inayoletwa mara moja, hasa wakati huu ambapo muuzaji anatafuta pa kuzimwaga paneli zake.

Wapo wanaosema tutengeneze wenyewe. Naivasha kuna kiwanda cha paneli tangu 2011, na kimejitahidi, lakini seli zenyewe zinatoka nje. Kushindana na China kwenye seli ni kutafuta umasikini kwa juhudi. Tunachoweza ni vinavyozizunguka: fremu na vishikizi vya chuma, na Mariakani tuna viwanda vya mabati vinavyojua kupaka zinki, kuunganisha betri, kukarabati inveta badala ya kuzitupa, kupima mzigo unaoingia ili nati za kutu zisipite. Kazi hizo haziwezi kuhamishiwa Vietnam.

Halafu kuna Mrima, huko Kwale, kilima chenye madini adimu na niobiamu, metali ya kuimarishia chuma, na pia kaya ya Wadigo, yaani msitu wao mtakatifu. Leseni ya kampuni moja ya kigeni ilifutwa mwaka 2013, kesi ikaenda mbali na Kenya ikashinda. Sasa China ikikaza, mataifa makubwa yamekumbuka njia ya kwenda Mrima. Zimbabwe mwaka 2022 ilipiga marufuku kuuza lithiamu ghafi nje, na wapo wanaotaka tuige. Sina pingamizi, ila nakumbuka kwamba mchanga wa titani wa Kwale, unaotumika kutengeneza rangi, ulipakiwa melini Likoni kuanzia 2014 hadi mgodi ulipofungwa Desemba 2024, na hatukubaki na kiwanda hata kimoja cha rangi. Mwenye madini katika dunia iliyogawanyika ana nguvu ya kudai, kweli. Ni lazima kwanza aulizwe Mdigo wa pale kama kilima kinachimbika.

Utandawazi wa mbali unapolegea, ule wa jirani umekaza, na hili halisemwi vya kutosha. Tangu Novemba 2022 tunapokea umeme wa maji kutoka Ethiopia kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000, na mwishoni mwa 2024 gridi yetu ikaungana na ya Tanzania. Ukame ukikausha mabwawa yetu, huenda kwa Mhabeshi mvua imenyesha. Hakuna ushuru wa Washington unaogusa waya huo.

Lakini swali la haraka ni nani atazipanda paneli hizi rahisi kabla bei haijageuka. Tukiliachia soko, zitapanda Nyali. Ningetaka ziende kwanza Baricho. Maji mengi ya Mombasa, Kilifi na Malindi yanavutwa kutoka visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, kwa pampu za umeme, na bili ya stima ya pampu hizo imekuwa ugomvi wa miaka mingi. Bili isipolipwa, stima inakatwa, na mfereji wa Kisauni unakauka, na mkokoteni wa mitungi unapandisha bei. Kupampu maji ni kazi inayolingana na jua kuliko zote: unapampu mchana, unajaza matangi, watu wanachota usiku. Tangi ndilo betri, na halina lithiamu ndani yake wala dhamana ya kiwanda kitakachofilisika. Sola ya pampu haimnufaishi mtu mmoja peke yake, inampunguzia gharama kila mtumiaji wa maji, mwenye paa na asiye na paa. Pesa zake zinahitaji mkopo, na mkopo ni ghali, nimeshasema. Ila bei ya paneli ya mwaka huu inafidia sehemu kubwa ya riba ya mwaka huu, na kaunti za Pwani zikinunua kwa pamoja, badala ya kila moja kivyake, zitapata bei ambayo muuzaji wa rejareja wa mjini hawezi kuiota.